Vennbahn kwa baiskeli: mwongozo kamili wa kilomita 125 za lami msituni bila magari

Mtu anayependa baiskeli ya barabarani, ile yenye matairi membamba na usukani uliopinda, hukabiliwa na tatizo lile lile awe Nairobi, Brussels au Köln: lami nzuri iko kwenye magari, na msitu mtulivu uko kwenye matope na mawe. Vennbahn ni mojawapo ya njia chache ninazozijua zinazomaliza tatizo hilo. Ni njia ya baiskeli ya takriban kilomita 125, yenye lami karibu mwanzo hadi mwisho, inayoanzia Troisvierges kaskazini mwa Luxemburg, ikapita mashariki mwa Ubelgiji na kuishia Aachen, Ujerumani. Sehemu kubwa ya safari ni misitu, malisho na vinamasi, na magari unakutana nayo pale tu njia inapokata barabara. Mwongozo huu nimewaandikia hasa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ubelgiji, Ujerumani, Uholanzi na Luxemburg, ambao njia hii ipo karibu nao kwa treni, lakini mgeni aliyekuja kutembea anaweza kuufuata pia.

Kwa nini njia hii ni laini hivyo

Historia yake inafaa kuelezwa mapema kwa sababu ndiyo inayoeleza jinsi utakavyoendesha. Reli iliyokuwa hapa ilijengwa na Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati huo, katika miaka ya 1880 ili makaa ya mawe ya eneo la Aachen yafike kwenye viwanda vya chuma vya Luxemburg, na madini ya chuma yarudi upande wa pili. Kwa kuwa treni ya mizigo mizito haiwezi kupanda mlima mkali, wahandisi walichonga vilima, wakajaza mabonde na kujenga madaraja ya matao mpaka mwinuko ukawa wa takriban asilimia 2 tu. Mwinuko huo miguu huuhisi, lakini haumshushi mtu kwenye baiskeli.

Kisha ukaja Mkataba wa Versailles wa 1919, ule ule ulioinyang'anya Ujerumani Tanganyika, Rwanda na Burundi. Huku Ulaya mkataba huo uliipa Ubelgiji wilaya za Eupen na Malmedy, na tume ya mipaka ikaamua kwamba tuta la reli liwe ardhi ya Ubelgiji hata pale linapopita katikati ya vijiji vya Wajerumani. Matokeo yake yapo hadi leo: viko vipande vitano vya ardhi ya Ujerumani vilivyotengwa na nchi yao kwa upana wa njia ya reli tu, na mwendeshaji anayetoka Kalterherberg kwenda Roetgen anakuwa Ubelgiji huku nyumba za kulia na kushoto kwake zikiwa Ujerumani. Treni zilipokoma, tuta lile lile lilitandikwa lami, na njia ya baiskeli ikazinduliwa mwaka 2013.

Hatua ya kwanza: amua unaanzia upande gani

Wengi huanzia Aachen kwa sababu ni mji mkubwa unaofikika kirahisi. Mimi nashauri kinyume chake, yaani kuanzia Troisvierges, na sababu zangu ni tatu. Ya kwanza ni urefu kutoka usawa wa bahari: Troisvierges iko juu ya mita 400, kilele cha njia karibu na Lammersdorf kiko takriban mita 550, na Aachen iko chini ya mita 200. Anayetoka kusini anapanda kidogo kidogo kwa muda mrefu bila kuchoka, halafu anamalizia kwa mteremko wa zaidi ya kilomita 30 wakati miguu imeshalegea. Anayetoka Aachen anaanza na mpando huo wote asubuhi. Ya pili ni upepo, ambao katika eneo hili huvuma mara nyingi kutoka kusini-magharibi, hivyo utakuwa mgongoni mwako. Ya tatu ni mfuko: usafiri wa umma ndani ya Luxemburg ni bure kwa daraja la pili tangu mwaka 2020, na baiskeli nayo husafirishwa bure kwenye treni.

Anayetoka Ubelgiji achukue treni ya Liège kwenda Luxemburg kupitia Gouvy, ambayo husimama Troisvierges. Nunua tiketi ya baiskeli kwa kipande cha Ubelgiji, na angalia ratiba siku moja kabla, kwa kuwa reli hiyo hufanyiwa matengenezo mara kwa mara na basi linalowekwa badala ya treni huenda lisichukue baiskeli.

Hatua ya pili: gawa safari kwa uwezo wako, si kwa ramani

Njia inagawanyika vizuri katika vipande vitatu: Troisvierges hadi Sankt Vith, chini kidogo ya kilomita 30, Sankt Vith hadi Monschau, karibu kilomita 50, na Monschau hadi Aachen, karibu kilomita 50 nyingine. Mwendeshaji mzoefu anayeweza kushika kilomita 20 kwa saa kwa muda mrefu atamaliza yote kwa siku moja ndefu. Sioni faida ya kufanya hivyo mara ya kwanza. Siku mbili, ukilala Monschau au kijiji cha jirani, zinakupa nafasi ya kusimama bila kutazama saa, na familia yenye watoto inahitaji siku tatu.

Msimu mzuri ni kuanzia Mei hadi Septemba. Mwishoni mwa Juni mwanga wa jua hubaki hadi karibu saa nne usiku, jambo linaloondoa wasiwasi wa kuchelewa. Oktoba msitu hupendeza sana kwa rangi, lakini majani yaliyoloana juu ya lami huteleza kama sabuni, na kona inayopita chini ya miti mikubwa inahitaji kupunguziwa mwendo kabla hujaingia, wala si ukiwa ndani yake. Majira ya baridi theluji hulala huku juu kwa siku nyingi, kwa hiyo yaache.

Kama unaweza kuchagua siku, chagua siku ya kazi. Jumapili yenye jua, vipande vya karibu na Aachen na Monschau hujaa watembea kwa miguu, mbwa, na watoto wanaojifunza baiskeli, na utulivu unaoufuata hautaupata. Tena, Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa, kwa hiyo chakula cha siku hiyo kinunuliwe Jumamosi au kwenye duka la mikate upande wa Ubelgiji.

Hatua ya tatu: hati

Njia hii huvuka mipaka mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu ukiwa juu ya tandiko, na mara nyingi kinachokujulisha ni kibao tu. Hata hivyo tangu Septemba 2024 Ujerumani ilirejesha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, ikiwemo ya Ubelgiji na Luxemburg. Beba pasipoti au kadi ya ukaazi yenyewe, si picha yake kwenye simu. Mwenye viza ya Schengen hana tatizo, kwa sababu nchi zote tatu zimo katika eneo hilo. Lakini ndugu ambaye bado anasubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi aulize kwanza kwa wakili au mamlaka zinazomhusu kama anaruhusiwa kutoka nje ya nchi anayoishi. Mpaka usiokuwa na lango bado ni mpaka.

Hatua ya nne: andaa baiskeli

Baiskeli yoyote nzima inatosha, ila ya barabarani ndiyo inayofaidi lami hii. Weka matairi ya upana wa milimita 28 au zaidi badala ya yale ya 23 au 25, kwa kuwa mizizi ya miti imeinua lami katika baadhi ya sehemu za msituni na tairi jembamba lililojazwa upepo kupita kiasi hukurushia kila kibonyeo mgongoni. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la milimita 28, upepo wa takriban bar 5 unafaa. Mvua ikinyesha punguza kidogo. Angalia pedi za breki kama bado zina unene, paka cheni mafuta na ufute yaliyozidi, na jaribu kila gia kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa aliyekulia Kenya, Tanzania au Uganda na anakodi baiskeli huku, kuna jambo moja la kupima kabla ya kuondoka dukani. Kwetu mkono wa kulia mara nyingi ndio unaoshika breki ya mbele, na huku ya mbele mara nyingi iko mkono wa kushoto. Nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, kisha bana breki moja moja uone ipi inalishika. Ukibana breki ya mbele kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma, wakati unateremka, baiskeli itasimama nawe utaendelea mbele.

Kengele na taa ni lazima kuwa navyo. Kofia ngumu hailazimishwi na sheria kwa baiskeli ya kawaida katika nchi hizi, lakini ivae.

Hatua ya tano: mzigo

Beba tyubu mbili za akiba, vijiti vya kutolea tairi, viraka na gundi, pampu, na seti ndogo ya funguo za baiskeli. Pancha msituni ni lazima uizibe mwenyewe, kwa sababu fundi wa karibu anaweza kuwa mbali kilomita 20. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote ukitafuta mwiba au kipande cha kioo kilichobaki. Asiyefanya hivyo hutoboa tyubu ya pili baada ya mita mia chache.

Mavazi yanahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Njia inapita ukingoni mwa Hohes Venn, nyanda ya juu ya vinamasi vya mboji ambayo ndiko kuliko sehemu ya juu kabisa ya Ubelgiji, Botrange, mita 694. Nyanda hiyo huvuta mvua na ukungu, na jasho ulilotoka ukipanda hugeuka baridi kali ukianza kuteremka. Koti jepesi la kuzuia upepo na mvua, glavu nyembamba na shati kavu ndani ya mfuko wa plastiki havina uzito wa kulalamikia, na vitakufaa hata Julai.

Maji yawe chupa mbili. Chakula kiwe cha kukaa nawe, kama mkate, ndizi, tende au karanga, kwa sababu kati ya Troisvierges na Sankt Vith, na tena kati ya Sourbrodt na Monschau, maduka ni haba. Fedha ni euro katika nchi zote tatu. Shika kiasi taslimu, maana mikahawa midogo hasa ya Ujerumani si yote inayopokea kadi.

Hatua ya sita: endesha njia yenyewe

Kutoka stesheni ya Troisvierges fuata vibao vyenye jina Vennbahn. Mapema kabisa utakutana na mpando mkali pekee wa safari nzima. Reli ilipita hapa ndani ya handaki chini ya kilima cha mpakani karibu na Lengeler, lakini handaki hilo limefungwa na kuachiwa popo, kwa hiyo baiskeli hupanda juu ya kilima na kushuka upande wa pili. Weka gia nyepesi mapema, kabla pedali hazijawa nzito, na kama unahitaji kushuka na kusukuma, sukuma. Baada ya hapo hakuna kingine cha namna hiyo.

Ukishaingia Ubelgiji, njia inatulia. Sankt Vith ni mji wa kununua chakula cha mchana. Usishangae kuona majengo mengi mapya katika mji mkongwe: mabomu ya Desemba 1944 yaliuteketeza karibu wote. Kuanzia hapa hadi Montenau njia hukaa bondeni karibu na mto, na watu husema Kijerumani ingawa ni Ubelgiji. Ukifika Waimes lugha inakuwa Kifaransa, na msomaji kutoka Kongo, Burundi au Rwanda atajisikia nyumbani kuagiza kahawa yake.

Waimes na Weywertz zinahitaji umakini. Hapa reli za zamani ziligawanyika, na matawi yake nayo yamekuwa njia za baiskeli zenye lami ile ile, kwa hiyo aliyezama katika mwendo anaweza kujikuta anateremka kuelekea Malmedy bila kujua. Simama usome kibao. Mbali na jina la njia utaona nambari za vituo, sehemu ya mfumo uliobuniwa na mhandisi wa zamani wa migodi, Hugo Bollen, na kuanza kutumika mkoani Limburg, Ubelgiji, mwaka 1995: kila makutano yana nambari, na unachohitaji ni kuandika nambari zako kwa mpangilio kwenye karatasi na kuibandika kwenye usukani. Karatasi hiyo haiishiwi chaji.

Kutoka Sourbrodt hadi Kalterherberg ndiko ninakokupenda kuliko kwote. Reli zenyewe bado zipo hapa pembeni ya njia, na wageni huzitumia kwa vigari vya kukanyaga pedali. Msonobari umesimama pande zote mbili, mrefu na mweusi, harufu ya utomvu hukolea jua likichoma baada ya mvua, na kwa dakika nyingi sauti pekee ni ya matairi juu ya lami na maji yanayotiririka mtaroni. Maji hayo ni ya rangi ya chai, kwa sababu ya mboji yanamotoka. Msitu huu wenyewe kwa sehemu kubwa ulipandwa na watu, maana Prussia iliijaza nyanda hii misonobari katika karne ya 19, na sasa kuna jitihada za kurudisha baadhi ya maeneo kuwa kinamasi. Usiende kwa kasi hapa. Kama una saa moja ya kupoteza katika safari nzima, ipoteze kwenye kipande hiki.

Monschau iko chini bondeni, na njia inapita juu yake. Mji ni mzuri, una nyumba za mbao na udongo na ulitajirika kwa biashara ya nguo za sufu, lakini barabara ya kushukia ni kali, ina mawe, na ina magari. Ukilala huko, shuka taratibu na ukubali kwamba kesho asubuhi utapanda kwa miguu.

Baada ya Monschau unapita Konzen na Lammersdorf, kisha mteremko unaanza. Katika eneo la Lammersdorf na Roetgen utaona safu za nguzo fupi za zege zilizochongoka kati ya nyasi: ni vizuizi vya vifaru vya ukuta wa ulinzi wa Hitler, na Roetgen ndio uliokuwa mji wa kwanza wa Ujerumani kuingiwa na majeshi ya Marekani, tarehe 12 Septemba 1944. Mbele zaidi, Raeren, mabehewa ya zamani yamesimama yakila kutu. Karibu na Kornelimünster njia inavuka bonde juu ya daraja la matao, na kijiji kilichozunguka abasia yake ya karne ya 9 kinastahili kusimamiwa.

Hatua ya saba: pale njia inapokata barabara

Hii ndiyo sehemu ya mwongozo ninayokuomba uisome mara mbili. Kwenye njia isiyo na magari hatari haisambai kilomita zote 125. Imejikusanya kwenye mita chache za kila makutano. Akili iliyotulia kwa nusu saa msituni huchelewa kuamka, na mteremko wa asilimia 2 unakuongezea mwendo bila wewe kuhisi.

Ukiona kibao cha makutano au nguzo zilizowekwa katikati ya njia, acha kukanyaga pedali mita 30 kabla, shusha gia ili uweze kuondoka upesi, na weka vidole juu ya breki zote mbili. Pita katikati ya nguzo ukitazama mbele, si ukiitazama nguzo. Kisha simama na uangalie kushoto kwanza. Magari huku hukaa upande wa kulia, kwa hiyo gari la kwanza kukufikia linatoka kushoto kwako. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi amezoea hivyo, lakini aliyelelewa Mombasa, Arusha au Kampala huangalia kulia kwanza bila kufikiri, na sekunde hiyo moja inatosha kumletea ajali. Usidhani dereva atasimama. Mkiwa kundi, kila mmoja aangalie mwenyewe. Neno "twende" la aliye mbele halimhusu wa nyuma.

Kwenye barabara za misitu subiri pia malori ya magogo. Ni marefu, huchukua kona kwa upana, na dereva hakuoni ukiwa ubavuni.

Hatua ya nane: kuishi vizuri na wenye msitu

Kaa kulia, pita kushoto, na piga kengele ukiwa bado mbali ili mtu asishtuke. Ukikuta farasi, punguza mwendo hadi wa kutembea na uzungumze kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa farasi humwogopa mtu anayekuja kimyakimya kutoka nyuma. Asubuhi na mapema na jioni swala na nguruwe mwitu huvuka njia. Akivuka mmoja tarajia wa pili.

Ukikaa kwenye nyasi, jikague kupe usiku huo huo, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme. Mtoe kwa kibanio kwa kumvuta taratibu bila kumponda, na ukiona duara jekundu linatanuka kwenye ngozi siku au wiki za baadaye, mwone daktari. Ukitaka kuacha baiskeli na kutembea ndani ya kinamasi, tafuta kwanza kama bendera nyekundu imepandishwa: maana yake ni kwamba eneo limefungwa kwa hatari ya moto. Kwa dharura piga 112, namba hiyo inafanya kazi katika nchi zote tatu. Taja kijiji cha mwisho ulichopita na nambari ya kituo cha baiskeli kilicho karibu.

Hatua ya tisa: kurudi

Njia inaishia Aachen karibu na stesheni ya Rothe Erde, ambako treni za mkoa kwenda Köln husimama, hivyo anayerudi upande huo hana haja ya kuingia katikati ya mji wenye magari. Nunua tiketi yako na tiketi tofauti ya baiskeli. Anayerudi Ubelgiji aendelee hadi stesheni kuu ya Aachen na kuchukua treni ya kawaida ya kuelekea Verviers na Liège, kwa kuwa treni za mwendo kasi za Brussels zina masharti magumu zaidi kuhusu baiskeli. Ingia kwenye behewa lenye alama ya baiskeli, funga baiskeli kwa mkanda, na usiegemeze upande wa cheni kwenye baiskeli ya mwenzio.

Ukifika nyumbani, futa cheni na uikaushe usiku huo huo kama ilinyeshewa, kwa sababu unyevu na mchanga wa msituni vikilala humo hadi asubuhi, kutu huanza kwenye viungo.